Mafundo Matano ya Pakdhe Marsudi

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Budhe Murtini, mke wa mjomba wake, alimpigia simu mchana akamwambia, "Songko mwanangu, flashi ya mjomba wako haionekani kwenye kompyuta. Njoo uitazame kabla ya magharibi. Watu wakifika baada ya Isha nataka wasikie sauti yake." Sasongko akajibu ndiyo, Budhe, kisha akakaa kitandani saa mbili nzima akitafuta udhuru. Hakuupata.

Angeupata wapi? Yeye ndiye fundi kompyuta wa kijiji kizima, mtu ambaye hakuwahi kushindwa na kitu chenye waya. Na marehemu Marsudi, mwalimu mstaafu, kaka mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Pakdhe, kama alivyomwita mjomba huyo, alimlisha, akamsomesha, akamnunulia bisibisi ya kwanza. Leo ilikuwa arobaini yake. Kumkatalia mjane wake jambo dogo kama lile kungekuwa kukosa haya, na Sasongko alikuwa na haya nyingi kuliko alivyoweza kubeba.

Ila tangu siku ya mazishi alikuwa hajakanyaga nyumba ile saa za magharibi. Mchana alikuja. Kwenye visomo vya usiku alikuja pia, akakaa karibu na mlango katikati ya watu. Magharibi, hapana.

Alipoegesha pikipiki uani, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mashamba ya mpunga. Jikoni wanawake walikuwa wakipika apem, vile vitumbua vya unga wa mchele vya kumwombea marehemu msamaha. Jirani yao Gunarto, ambaye alikuwa rika lake, alikuwa juu ya ngazi akining'iniza taa ya varanda.

"Fundi huyo!" Gunarto alipaza sauti. "Nilidhani umehamia Jakarta. Budhe kahangaika na hiyo Linux yako tangu asubuhi. Inasusa kama mke wa pili."

"Linux haina neno. Tatizo ni watu wanaochomeka vitu ovyo."

"Wanaochomoa ovyo, sema! Si mwalimu alikuwa akikugombeza kila siku? 'Songko, iachilie kwanza ndipo uchomoe!' Hata sisi huku barabarani tulikuwa tunasikia."

Wanawake wakacheka. Sasongko akacheka nao, ila hakumtazama Gunarto usoni. Gunarto alikuwa mmoja wa wanaume wawili walioshuka naye kaburini siku ile.

Chumba cha mwalimu kilikuwa nyuma ya nyumba, mbali kidogo na jiko. Meza, kiti chenye mto uliobonyea, rafu ya daftari, na ile kompyuta kubwa ya mezani ambayo Sasongko aliiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea mashine, miaka kumi iliyopita. Mzee aliipenda. Aliwatambia walimu wenzake kwamba mashine yake haishikwi na virusi, tena haikumgharimu hata rupia moja. Budhe Murtini alikuwa ameshaiwasha. Flashi ilikuwa juu ya meza, ndogo, nyeusi, imefungwa uzi mwekundu ili isipotee.

"Ndiyo hii," alisema. "Alijirekodi wiki moja kabla hajatutoka. Ombi la msamaha kwa majirani. Alinambia, 'Murti, siku ya arobaini wasikilizishe.' Sasa nikiichomeka, kimya." Akamtazama Sasongko kwa namna iliyomfanya ainamishe kichwa. "Unajua arobaini ni nini, mwanangu. Leo ndiyo siku anayotakiwa kuondoka hapa. Asipoondoka leo…"

Akaenda kutengeneza chai.

Sasongko akaichomeka flashi tundu la mbele. Hakuna kitu. Akaichomeka tundu la nyuma, maana ya mbele mara nyingi waya zake huwa dhaifu. Hakuna kitu. Akatoa flashi yake mwenyewe kwenye mnyororo wa funguo, akaichomeka tundu lile lile, na alama ya flashi hiyo ikatokea mara moja kwenye kioo. Basi tundu ni zima. Akairudisha ya mzee. Akaandika amri ya kuorodhesha diski zote ambazo mashine inaziona. Ikamletea diski moja tu, ile ya ndani.

Aliijua sababu, na aliijua tangu Budhe alipompigia simu. Siku ile ya kurekodi ni yeye aliyemsaidia mzee. Alikuwa na haraka, anataka kwenda kucheza mpira wa vinyoya. Mzee bado anaongea, bado anauliza mashine inazimwaje, yeye akaivuta flashi ikatoka. Flashi ikivutwa hivyo katikati ya kuandikiwa, siku nyingine hugoma. Budhe hakulijua hilo, wala yeye hakumwambia.

Lakini flashi ingekuwa aibu ndogo. Angeibeba.

Kwa desturi yao, kama ilivyo kwa Waislamu wengi, maiti hushushwa kaburini sanda ikiwa imefungwa, kisha walioshuka naye huyafungua mafundo, shavu likagusa udongo. Mafundo ya Pakdhe yalikuwa matano: kichwani, shingoni, kifuani, magotini, miguuni. Watu wa kule huambiana kwamba maiti aliyesahauliwa mafundo hurudi kwake kuomba afunguliwe. Na kwa kuwa miguu imefungwa hawezi kutembea. Huruka.

Sasongko alikuwa akiyacheka mambo hayo. Hadithi za kutishia watoto wasioenda kulala, alisema. Siku ya mazishi mvua ikaanza, maji yakaingia kaburini, na yeye, kwa kutaka aonekane mwana hasa, akawaambia Gunarto na mwenzake, "Tokeni. Nitayafungua yote mwenyewe." Wakatoka.

Akabaki peke yake na mjomba wake.

Akanyoosha mkono. Sanda ilikuwa imelowa, imeng'ang'ania uso, mdomo unaonekana umbo lake. Mkono ukagoma. Mtu aliyemlea miaka yote ile, na yeye alimwogopa kama mtu asiyemjua. Juu wanaume wakauliza, "Tayari?" Akasema, "Tayari." Akazipanga mbao haraka haraka, akapanda juu. Watu wakamshika bega, wakamwambia ameonyesha uanaume.

Hakulifungua hata fundo moja.

Alikuwa akilikumbuka hilo, vidole juu ya herufi, uso unamwaka kwa haya ingawa hakuna aliyemwona, pale adhana ya magharibi ilipoanza kusikika msikitini. Akajilazimisha kurudi kazini. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri ya kuiambia mashine imwonyeshe kila inachohisi, mstari kwa mstari, papo hapo. Kama flashi ina uhai hata kidogo, itaandikwa.

Kioo kikakaa kitupu.

Kisha…

Dup.

Kitu kizito kilianguka mahali fulani nje, upande wa kisima. Na kwenye dirisha jeusi ukatokea mstari. Maana yake kwa lugha yetu: *Kifaa kipya kimechomekwa.*

Akasogea mbele. Mstari wa pili ukafuata: *Kifaa kimechomolewa.*

"Mguso umelegea," alijiambia. Jambo la kawaida. Chuma ndani ya flashi kimeachana na mwenzake, kinagusa, kinaachia. Akaibonyeza kwa kidole gumba.

Dup.

Karibu zaidi. *Kimechomekwa.* *Kimechomolewa.*

Akahesabu. Dup, mstari. Dup, mstari. Sauti haikuwa ya nazi kudondoka wala ya mtwangio jikoni. Ilikuwa kama gunia la mchele lililolowa maji, linaloinuliwa na kuachwa. Ilipita kisimani. Ilipita chini ya dirisha. Harufu ikaingia, kwanza ya udongo mbichi, kisha ya kafuri, ile ile iliyomjaa puani siku ya mazishi na asiweze kuitoa kwa sabuni.

Akaichomoa flashi. Akaishika kiganjani, akakunja ngumi. Matundu yote ya mashine yakawa matupu. Aliyatazama moja moja, mbele na nyuma.

Dup.

*Kifaa kipya kimechomekwa.*

Mara hii sauti ilitokea ndani ya chumba.

Maji yalikuwa yakidondoka nyuma yake, tone… tone… kwenye sakafu ya saruji, na ubaridi ukamgusa kisogo. Kwenye kioo cha kompyuta, juu ya ule weusi, aliona mwanga wa mlango na kitu cheupe, kirefu, kilichochongoka juu, kinauziba nusu. Akafumba macho.

Vikombe vikagongana. Budhe Murtini alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Umeshamsikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani, Budhe?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Songko."

Sasongko akashusha macho kwenye ngumi iliyoshika flashi.

"Huja kila magharibi. Siku thelathini na tisa. Nikiwa jikoni namsikia anatoka kisimani, anaingia humu, anasimama nyuma ya kiti chake. Mwanzoni nilifunga mlango. Baadaye nikasema, ni mume wangu, nimfungie nimpeleke wapi? Nikawa namwekea chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyebaki kaburini. Ningekuuliza, ungeona haya. Ningemwuliza Gunarto, kijiji kizima kingejua kesho yake. Nikasema acha nivumilie, mtoto huyu atakuja mwenyewe kuniambia. Nimekungoja mpaka leo."

Hapo Sasongko alitamani kaburi lile limmeze yeye. Mwanamke wa miaka sitini na nane alikuwa amekaa na maiti nyumbani kwake jioni zote zile, peke yake, ili yeye asiaibike. Machozi yakamtoka, akainama juu ya meza.

"Nisamehe, Budhe. Niliogopa."

"Najua. Uliacha mangapi?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na jibu alikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliona sura yake itakavyokuwa akilisikia, aliona mikono ya watu begani mwake siku ile, na akasikia mdomo wake ukichagua jibu jingine.

"Moja, Budhe. La miguuni tu."

Yule mama akashusha pumzi ndefu. "Moja tu. Alhamdulillah." Akaiweka sinia chini. "Basi geuka, umfungulie. Aliyeliacha ndiye anayelifungua. Usimtazame usoni. Piga magoti tu."

Akageuka macho yakiwa yamefumbwa. Akapiga magoti kwenye maji ya baridi. Akapapasa. Vidole vikakuta kitambaa kilicholowa, kizito, chenye chembechembe za mchanga, na chini ya kitambaa kitu kigumu alichokijua kuwa kifundo cha mguu. Fundo lilikuwa limevimba kwa maji. Alilivuta kwa kucha huku akilia kwa sauti, anasema nisamehe Pakdhe, nisamehe Pakdhe, mpaka likaachia na utepe ukaanguka.

Kimya.

Kisha mbele yake, taratibu sana, unyayo mmoja ukaburuzika kando, ukaachana na mwenzake.

Hakuinua kichwa. Alipofumbua macho, sakafu ilikuwa imelowa tu. Harufu ilikuwa imepungua.

"Ameondoka?" Budhe aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Ameondoka, Budhe."

Alirudi kwenye kiti, akaichomeka flashi. Taa yake ndogo ikawaka. Mashine ikaitambua, ikaandika jina, MARSUDI, kisha ikakataa kuifungua: hifadhi hii haikuachiliwa vizuri mara ya mwisho. Kwa hilo dawa alikuwa nayo. Akaandika amri ya kuifuta alama ya onyo hilo, akajaribu tena, na folda ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na faili moja. Budhe Murtini akambusu kichwani kama alivyokuwa akimbusu akiwa mdogo, naye akasimama pale akipokea busu ambalo hakustahili.

Baada ya Isha varanda ilijaa. Wanaume wakakaa kwenye mikeka, wakasoma Yasini na tahlili, wakaomba dua. Kuku mzima na wali vikawekwa katikati. Sasongko akaunganisha spika, akabonyeza, na sauti ya mwalimu ikatoka, yenye kikohozi chake kile kile.

"Majirani zangu, assalaam alaykum. Mkinisikia hapa mjue nimeshatangulia, basi msinikatize." Watu wakacheka. "Nimewakosea wengi. Nitaanza na Gunarto. Ile bakora ya darasa la nne haikuwa yako, mwanangu. Aliyevunja dirisha ni Wagimin. Niliambiwa siku ile ile baada ya kukuchapa, nikaona haya kukubali mbele ya watoto. Miaka ishirini na tano nimeona haya. Jambo dogo hivyo! Ningelisema siku ile lingekwisha siku ile."

Gunarto alifuta macho kwa kofia yake. "Mzee huyu," alisema. "Mzee huyu jamani."

Mwalimu akataja wengine, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akajibu kwa sauti kwamba amesamehe. Sasongko alitazama mikono yake. Mchanga ulikuwa bado chini ya kucha.

Mwishoni mzee akakohoa. "Basi. Ni hayo. Songko, hii inazimwaje? … Wewe, unaenda wapi? Usichomoe, subiri. Bado—"

Hapo sauti ikakatika.

Watu wakaangua kicheko. "Si niliwaambia!" alisema Gunarto. "Huyu fundi wenu huyu!" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, na katikati ya kicheko kile Sasongko akasikia kitu nyuma ya nyumba, upande wa kisima.

Haikuwa dup.

Ilikuwa nyayo tupu, zenye maji, juu ya saruji. Moja. Kisha nyingine. Pole pole, kama mtu anayejifunza upya.

Alikuwa akitembea.

Sasongko akainua uso, na upande wa pili wa varanda Budhe Murtini alikuwa ameacha kugawa masanduku ya karatasi ya chakula cha kwenda nacho nyumbani. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea nyuma ya nyumba, anasikiliza. Wengine wote walikuwa wakicheka. Akaja mpaka alipokaa Sasongko, akamwekea sanduku lake mkononi, la wali, kuku na apem, akamwinamia sikioni.

"Yalikuwa mangapi, Songko?"

Watu zaidi ya arobaini walikuwa pale. Gunarto alikuwa akimtazama, bado anatabasamu. Ndiyo kwanza wametoka kumsikia marehemu akilipa deni la bakora moja. Angesema tu. Neno moja, na wanaume wale wangechukua taa na majembe usiku ule ule, wakaenda kumfungua ndugu yao.

"Moja, Budhe," alisema.

Yule mama akamtazama muda mrefu. Haikuwa hasira. Laiti ingekuwa hasira! Kisha akatikisa kichwa taratibu, akamfunika mkono wake juu ya sanduku.

"Haya. Nenda nyumbani, mwanangu. Naye atakusindikiza."

Pikipiki ilikataa kuwaka. Akaikokota, nusu kilomita, barabara katikati ya mpunga. Vyura walinyamaza kila alipopita, na hawakuanza tena alipokwisha kupita, walingoja kwanza yule wa nyuma apite. Hakugeuka. Nyuma yake nyayo zilikuwa zikija kwa mwendo wa mzee aliyekuwa akimsindikiza shule zamani, hatua mbili nyuma.

Kwake alifunga mlango kwa komeo, akawasha taa, akafungua kompyuta yake ya mapajani ili apate kusikia sauti yoyote ya duniani. Badala ya muziki, mkono ukaandika ile amri wenyewe. Dirisha jeusi. Mstari mmoja.

*Kifaa kipya kimechomekwa.*

Matundu yalikuwa matupu. Akangoja mstari wa pili, ule wa kuchomolewa. Akangoja mpaka macho yakauma. Haukuja. Gunarto, aliyekwenda kumtafuta kesho yake asubuhi, anasema alimkuta bado kwenye kiti kile, amekikabili kioo, chakula hakijaguswa, na utepe mmoja wa sanda umelala kwenye meza. Ulifikaje pale hakuna ajuaye, wala Sasongko hataki kueleza.

Kitu kimoja tu alikieleza, tena kwa Budhe peke yake, siku nyingi baadaye. Kwamba usiku ule, baada ya mstari ule, alisema hatimaye. Alisema mle ndani ambamo hamkuwa na jirani wa kumcheka.

"Manne, Pakdhe," alinong'ona. "Yamebaki manne."

Kitanda nyuma yake kililia, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia kusubiri.